Chuchu, damu na sumaku: siku nilipolazwa kifudifudi ndani ya MRI

Mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia hifadhidata, Linux, na wateja wanaotaka tovuti "kama Facebook" kwa shilingi elfu ishirini. Leo nabadilisha mkondo. Leo naandika kuhusu titi, tena titi langu mwenyewe. Wenye kuona haya wafunge ukurasa, tutaonana wiki ijayo. Mnaobaki, vuteni viti, maana hadithi hii ina sumaku, redio, hesabu za Fourier na CD moja yenye faili zaidi ya elfu moja.

Mbona niiandike hadharani? Kwa sababu nilipokuwa na hofu, usiku wa manane, niliandika swali langu kwa Kiswahili kwenye intaneti. Nilipata maombi, mizizi ya kuchemsha, na bwana mmoja aliyeshauri maji ya vuguvugu. Kwa Kiingereza kulikuwa na majibu, lakini yameandikwa kwa madaktari. Nikasema nikipona nitaandika ukurasa ambao ningependa kuukuta usiku ule. Ndio huu.

ILIVYOANZA

Mwaka jana, nikiwa na miaka 28, niliona doa kwenye sidiria, upande wa kulia, rangi ya kutu. Siku ya pili likaja jingine. Siku ya tatu nilikuwa kwenye mkutano kazini, mtu anaeleza mpango wa miezi mitatu ijayo, nami nahisi unyevu. Sikuwa nimejikamua wala kujigonga popote. Nilipotazama kwa makini nyumbani niliona tone la damu likitoka kwenye kitundu kimoja tu cha chuchu. Hakukuwa na maumivu wala uvimbe wa kushikika.

Nilimpigia mama, yuko Voi.

"Mwanangu, wewe hujazaa. Hayo maziwa yametoka wapi?"

"Si maziwa, Mama. Ni damu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kesho usiende kazini. Nenda hospitali." Mama hajawahi kuniambia nisiende kazini.

Daktari niliyemwona alinihoji kama vile sisi tunavyomhoji mteja anayesema "programu yenu imekataa" na kukata simu. Inatoka yenyewe au mpaka ukamue? Titi moja au yote mawili? Kitundu kimoja au vingi? Rangi gani? Unatumia dawa gani? Una mimba? Nilidhani anapoteza wakati. Kumbe majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Nitayaeleza, kwa sababu wengi wenu mnaweza kujipima hofu yenu hapo.

Majimaji kama maziwa, matiti yote mawili, vitundu vingi: mara nyingi ni habari ya homoni. Huenda prolactini imepanda. Huenda ni dawa, kwa mfano metoclopramide ya kuzuia kutapika au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Huenda ni tezi ya koo, au kivimbe kidogo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Hapo unaanza na kipimo cha damu, na picha ikihitajika ni ya kichwa, si ya titi.

Majimaji ya kijani au kahawia, yanayotoka kwenye vitundu kadhaa ukikamua: mara nyingi ni mirija iliyopanuka tu kadiri umri unavyosonga.

Majimaji yanayotoka yenyewe, titi moja, kitundu kimoja, yenye damu au meupe kama maji safi: haya ndiyo madaktari hawayaachii. Na mwanamume akitokwa na chochote kwenye chuchu, rangi yoyote, naye asikae nyumbani.

Mimi nilikuwa kundi la tatu, bila shaka lolote.

Daktari alinieleza kwamba sababu inayoongoza katika kundi hilo ni papiloma, yaani kinyama kidogo kama chunjua kinachoota ndani ya mrija wa maziwa. Kina mishipa myembamba ya damu, kikiguswa kinavuja. Si saratani. Sababu nyingine ni mirija iliyopanuka. Halafu wapo wachache ambao kweli wana saratani, mara nyingi ile ya mapema ambayo bado imejifungia ndani ya mrija. "Wengi wako salama," aliniambia, "lakini kwa kutazama tone la damu siwezi kukwambia wewe uko upande gani."

PICHA ZA KWANZA

Kwa mwanamke wa chini ya miaka 30 wanaanza na altrasaundi, kwa sababu titi la kijana limejaa tishu nzito ambayo kwenye eksirei huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Ni kama kutafuta punje ya mchele kwenye chungu cha wali. Altrasaundi ilionyesha mrija mmoja umepanuka kidogo nyuma ya chuchu. Ndani yake hakukuonekana kitu. Mamogramu nayo ilifanywa baadaye, ikawa safi. Walipaka tone langu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, hawakuona seli mbaya. Lakini daktari alinionya nisisherehekee, kwani kipimo hicho hukosa saratani mara nyingi mno.

Ninyi mnaoandika programu mnaijua hali hii. Majaribio yote yamepita, na bado programu inavuja.

Njia zilizobaki zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni upasuaji moja kwa moja. Wanakata mrija unaovuja, au wakishindwa kuujua vizuri, wanaondoa mirija yote mikuu nyuma ya chuchu, kisha maabara inatazama walichotoa. Inatibu na kupima kwa pamoja. Tatizo ni kwamba ukiondolewa mirija yote, titi hilo halitanyonyesha tena. Mimi sina mtoto. Ninataka wawili.

Ya pili ni galaktografia. Wanaingiza kijisindano butu kwenye kile kitundu, wanasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei, wanapiga picha. Ni ya zamani na haina gharama kubwa, lakini siku hiyo lazima majimaji yawe yanatoka ili wajue kitundu ni kipi, mara nyingine kijisindano hakiingii, na hata kikiingia picha inakuonyesha kwamba mrija umezibwa mahali fulani bila kukwambia umezibwa na nini.

Ya tatu ni MRI.

Nilisoma nilichoweza. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti kadhaa za wanawake wenye dalili kama yangu, ulikuta MRI inagundua kasoro kwa takribani asilimia 92 ya walio nayo, galaktografia asilimia 69. Kwa upande wa kuwaachia wasio na kitu, MRI ilipata 76, galaktografia 39. Nikamwonyesha daktari. Akasema ndiyo sababu anaipendekeza, na akaongeza jambo ambalo tarakimu hazikusema: "Nikijua mahali, nitakata kidogo."

Kampuni ya bima ya kazini ilikataa. Walisema altrasaundi na mamogramu zimetosha, na kwamba zote ni safi, sasa natafuta nini? Daktari akaandika barua ya ukurasa mzima. Baada ya wiki mbili wakakubali kulipa nusu. Nusu nyingine ilitoka kwenye akiba yangu ya kipakatalishi kipya. Ninaandika haya kwenye kile cha zamani, chenye herufi N iliyolegea.

MASHINE HII INAFANYAJE KAZI?

Sasa tufike kwenye sehemu yetu. MRI haitumii eksirei hata kidogo. Inatumia maji yaliyo mwilini mwako.

Kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni protoni moja inayojiendesha kama sumaku ndogo. Kwa kawaida protoni zako zimeelekea kila upande, kama abiria wanaosubiri matatu asubuhi. Ukiingizwa kwenye sumaku yenye nguvu, zinajipanga kuifuata. Hazijipangi zote, wala nyingi. Kwenye sumaku ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida hospitalini, wanaoelekea mbele wanawazidi wanaoelekea nyuma kwa protoni kama 5 tu katika kila milioni. Lakini katika tone moja la maji kuna protoni nyingi kiasi kwamba hizo 5 zinatosha kusikika.

Tesla 1.5 ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Hupatikana kwa koili ya waya usiozuia umeme hata chembe, mradi uwe na baridi kali, hivyo umezamishwa katika heliamu ya maji yenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku hiyo haizimwi usiku. Ndiyo maana mlangoni wanakuuliza kuhusu vyuma mara tatu.

Protoni zilizojipanga huyumba kama pia inayozunguka. Kasi ya kuyumba inategemea nguvu ya sumaku: milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja. Zidisha kwa 1.5, unapata megahezi 64 hivi. Mnaona? Hayo ni mawimbi ya redio, chini kidogo tu ya masafa ya FM mnayosikilizia habari. Mashine inapiga wimbi la redio la masafa hayohayo, protoni zinayumbishwa kwa pamoja, wimbi linakatwa, halafu protoni zenyewe zinatoa redio yao hafifu huku zikitulia. Mashine inasikiliza. Chumba chote kimefunikwa kwa shaba ili stesheni za nje zisiingilie.

Swali ni hili: ikiwa protoni zote zinaimba sauti moja, utajuaje ipi iko wapi?

Jibu lilimjia Paul Lauterbur mwaka 1971, na makala yake ikatoka mwaka 1973 katika jarida la Nature, ambalo awali liliikataa. Usiifanye sumaku iwe sawa kila mahali. Ifanye iwe na nguvu zaidi upande mmoja na pungufu upande wa pili. Fikiria makanga wamejipanga foleni kwenye stendi ya Voi, kila mmoja anaita "Mombasa! Mombasa!", lakini wa kwanza ana sauti nzito, anayefuata nyembamba kidogo, hadi wa mwisho mwenye sauti kama filimbi. Ukifumba macho, sauti yenyewe inakwambia mwenye kuita amesimama wapi. Peter Mansfield wa Nottingham, ambaye aliacha shule akiwa na miaka 15, alionyesha namna ya kuzigeuza sauti hizo kuwa picha kwa hesabu na kwa haraka. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Kwa hiyo mashine ya MRI haipigi picha. Inakusanya masafa. Picha inazaliwa baadaye, kwenye tarakilishi, kwa kupitisha data ndani ya badiliko la Fourier. Mnakumbuka ile algorithimu ya Cooley na Tukey ya mwaka 1965, iliyotutesa chuoni? Picha ya pikseli 256 kwa 256 ina nukta 65,536. Ukiifanya kwa njia ya moja kwa moja ni hatua zaidi ya bilioni 4. Kwa njia ya haraka ni kama milioni 1. Nilipofanya mtihani ule niliandika jibu nikasahau. Miaka sita baadaye ilikuwa inafanya kazi juu ya titi langu.

TONE LA GADOLINI

Kwa titi, picha ya maji peke yake haitoshi. Wanakudunga mshipani dawa yenye gadolini. Gadolini yenyewe haionekani pichani. Ina elektroni 7 zisizo na wenzake, kwa hiyo ni sumaku kali, na protoni za maji zilizo karibu nayo zinatulia haraka zaidi. Mahali zinapotulia haraka, panang'aa.

Kwa nini uvimbe ung'ae kuliko jirani zake? Kwa sababu kinachokua kinahitaji chakula, na kinajijengea mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo imejengwa haraka haraka na inavuja. Dawa inafika mapema na kwa wingi. Wanapiga picha kabla ya dawa, kisha wanapiga nyingine kadhaa baada ya dawa, kila moja ikichukua dakika moja au mbili. Halafu wanatoa picha ya kwanza kutoka kwa ya pili, pikseli kwa pikseli. Kilichobaki ni kile kilichobadilika.

Wenzangu, hiyo si ndiyo amri ya diff? Toleo la zamani, toleo jipya, nionyeshe tofauti tu. Na ina ugonjwa uleule wa diff: mtu akisogeza mistari ya faili nzima nafasi moja kulia, utaonyeshwa kila mstari umebadilika. Ukisogea hata milimita mbili katikati ya picha, kingo zote zinang'aa kwa uongo. Ndiyo maana wanakusisitizia utulie.

Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, hivyo hufungwa ndani ya molekuli kubwa inayoishika mpaka figo ziitoe. Mwenye figo mbovu lazima aseme mapema, na mjamzito hapewi bila sababu nzito sana. Mimi waliniuliza pia tarehe ya hedhi. Katikati ya siku ya 7 na ya 14 tishu ya kawaida ya titi hainywi dawa sana, kwa hiyo mandhari ya nyuma ni tulivu zaidi. Nikasubiri siku kumi nyingine. Zilikuwa ndefu kuliko wiki mbili za bima.

NDANI YA TUNDU

Unalala kifudifudi. Matiti yananing'inia ndani ya mashimo mawili ya koili, ambayo ndiyo antena. Mikono mbele, uso kwenye tundu kama la kitanda cha kukandwa. Sikuona mashine hata kidogo, na hilo lilinisaidia.

"Dada, usisonge. Ukitaka msaada finya hiki," fundi wa picha aliniambia, akaniwekea kipira mkononi.

Kelele ni kubwa. Wanakupa vizibo vya masikio na bado unasikia kama mtu anagonga mabati kwa nyundo, kisha anabadilisha mdundo. Nilijua kwa nini: zile koili zinazoipindisha sumaku, zile za foleni ya makanga, hupelekewa umeme unaowashwa na kuzimwa kwa kasi ndani ya sumaku kubwa, nazo zinasukumwa na kutikisika. Nilihesabu midundo. Dawa ilipoingia nilihisi baridi ikipanda mkononi. Nikaendelea kuhesabu, kwa sababu jambo jingine la kufikiria lilikuwa mama yangu ameketi nje na mkoba mapajani.

Ilichukua kama nusu saa.

CD

Ripoti ilikuwa itoke baada ya siku mbili. Lakini CD ya picha nilipewa palepale. Mwandishi wa programu ukimpa CD utarajie nini?

Picha za hospitali ziko kwenye muundo wa DICOM, ambao una jina hilo tangu mwaka 1993. Kila faili inaanza na baiti 128 ambazo si za maana sana, kisha herufi nne: D, I, C, M. Baada ya hapo ni lebo na thamani zake, na mwishoni pikseli. Kwa kuwa ni kiwango cha wazi, mashine ya Mjerumani na ya Mjapani zinasomwa na programu moja. Kuna maktaba huria ya Python iitwayo pydicom, na programu huria kama 3D Slicer na Weasis. Nilihitaji mistari kama ishirini kupanga faili zangu kwa muda zilipopigwa, kutoa ya kwanza kutoka kwa ya pili, na kuonyesha.

Skrini ikawa nyeusi karibu yote. Mishipa ya damu kama matawi membamba. Chuchu zote mbili zinang'aa kidogo, jambo la kawaida. Na upande wa kulia, sentimita kama mbili nyuma ya chuchu, nukta nyeupe. Ilikuwa na upana wa milimita 6.

Nilikaa nayo. Nilichora grafu ya mwangaza wake dakika kwa dakika. Ilipanda haraka, kisha ikaanza kushuka. Vitabu vinasema inayopanda polepole bila kushuka mara nyingi ni salama, na inayopanda haraka na kushuka inatia shaka. Vitabu hivyohivyo vinasema papiloma nayo hupanda haraka na kushuka, ikiiga saratani kabisa. Kwa hiyo nilikuwa na data yote ambayo mtaalamu angekuwa nayo, kwa usahihi uleule wa desimali, na sikuwa na jibu. Nilifunga kipakatalishi nikaenda kulala chumba kimoja na Mama, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo umeme ukipotea.

Kando kidogo: ndani ya kila faili kulikuwa na jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali, mara elfu moja na zaidi, bila nenosiri. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. CD haijui sheria. Ukitaka kumtumia mtu picha hizi, futa lebo kwanza. Usiziache kwenye tarakilishi ya saiba.

KATI YA 2 NA 95

Ripoti ilisema BI-RADS 4. Hiyo ni ngazi katika mfumo unaotumiwa na wataalamu wa picha za matiti, na 4 maana yake "inatia shaka, ichukuliwe kipande". Nilikwenda kusoma uwezekano wa saratani katika ngazi ya 4. Ni zaidi ya asilimia 2 na chini ya 95.

Nilicheka peke yangu. Ningemletea bosi wangu makadirio ya namna hiyo, "mradi utachukua kati ya siku 2 na siku 95", angenifukuza. Lakini baadaye nilielewa. Kazi ya ripoti ile haikuwa kunipa jibu. Ilikuwa kutoa anwani. Kabla ya MRI tulikuwa na titi zima linaloshukiwa. Sasa tulikuwa na milimita 6, saa tisa, sentimita mbili kutoka kwenye chuchu.

Walinirudisha kwenye altrasaundi. Mtaalamu akiwa na anwani mkononi alikipata kitu kile kile ambacho mara ya kwanza hakikuonekana, kijivu ndani ya kijivu, ndani ya mrija. Alichukua vipande kwa sindano nene akiwa anakitazama. Ganzi ilikuwepo, na mlio wa sindano ni kama wa stepla.

Siku nane baadaye: papiloma. Hakuna seli zisizo za kawaida.

Nilimpigia Mama kwanza. Alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, ingawa sisi ni Wakristo, kwa sababu jirani yake Mama Salma alikuwa ameketi naye na alisema kabla yake. Walishangilia wote wawili kwenye simu.

Kwa kuwa damu iliendelea kutoka, mrija ule mmoja uliondolewa kwa upasuaji mdogo, niliporudi nyumbani jioni ileile. Mmoja, si yote. Maabara ilithibitisha: papiloma. Sidiria zangu ni safi tangu hapo.

MSIKIMBILIE MRI

Nisije nikawafanya mdhani mashine hii ni mganga. Inawasha taa nyingi za uongo. Vitu vingi visivyo na madhara vinang'aa, na kila kinachong'aa kinaweza kukuletea sindano na usiku wa kukosa usingizi. Upande wa pili, ikiwa safi ni habari njema sana lakini si kiapo, kwani baadhi ya saratani za mapema ndani ya mrija haziving'arishi vizuri. Damu ikiendelea, daktari bado anaweza kutaka kukata, na madaktari wenyewe hawakubaliani wakati gani. Si kipimo cha kuanzia. Kinaanza mdomo wa daktari na maswali yake, kisha altrasaundi, na mamogramu kulingana na umri. MRI inaingia pale hizo zinaponyamaza na chuchu inaendelea kusema.

Tena kwetu mashine hizi ziko hasa kwenye miji mikubwa, na bei yake si ya kila mtu. Hilo linaniuma kuliko sindano. Mwaka 2022 huko Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu walikusanya papo hapo mashine ndogo ya sumaku za kudumu, isiyohitaji heliamu, kwa muundo wa watafiti wa Leiden, Uholanzi. Sumaku yake ni dhaifu mno kwa kazi kama yangu, na imelenga watoto wenye maji kichwani. Lakini ilijengwa hapa karibu, kwa bisibisi na mikono ya watu tunaoweza kuwaandikia barua. Mashine ya namna hiyo inahitaji pia programu ya kusafisha kelele. Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta mnaonitumia baruapepe mkiuliza mradi wa mwaka wa mwisho, acheni mfumo wa maktaba ya shule. Anzieni hapo.

Na kwako wewe uliyefika hapa usiku wa manane, ukiwa na doa kwenye nguo na simu mkononi: huenda ni chunjua. Yawezekana sana ni chunjua. Usikamue kila saa kuangalia kama bado inatoka. Andika tarehe, rangi, upande, kitundu kimoja au vingi, na dawa unazotumia. Kesho asubuhi peleka karatasi hiyo kwa daktari, na asipokuuliza maswali yale, mpe majibu hata hivyo.

Kwa leo niishie hapa. Maswali yanakaribishwa, hata ya aibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.